Mbolea ya Baba Sejal

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Najma aliteremka bondeni kumsaidia mama yake kumwagilia mchicha. Walikaa chumba kimoja cha kupanga karibu na Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo: yeye, mama yake Bi Zamda, na wadogo zake wawili wa kiume. Kutoka nyumbani hadi bondeni hapakuwa mbali. Unapita nyuma ya magereji, harufu ya oili inakwisha, harufu ya tope inaanza, na hapo ndipo matuta yalipo. Najma alibeba ndoo, mama yake alibeba kopo lililotobolewa matundu, na jua lilipoanza kuwaka walikuwa wamemaliza.

Bi Zamda hakuanza maisha kwa kulima. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hadi kiwanda kilipouzwa na watu wengi wakapunguzwa kazi. Siku aliyoachishwa alilia sana. Siku iliyofuata alifunga kanga kiunoni, akaenda kuomba matuta kwenye umoja wa wakulima wa bondeni. Akapewa. Mchicha alioukata aliuuza mwenyewe kule shimoni, chini ya soko kubwa, na kwa mchicha huo watoto walikula, wakavaa na wakasoma.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu. Bidhaa zilijaa Kariakoo mpaka barabarani. Lakini wee! Kadiri bidhaa zilivyojaa ndivyo watu walivyozidi kushuku. Betri zilishukiwa. Dawa ya meno ilishukiwa. Mtu akinunua sabuni, kwanza anainusa, halafu anaikwaruza kwa ukucha, halafu anamtazama muuzaji machoni. Neno "feki" lilikuwa midomoni mwa wakubwa na wadogo.

Bi Zamda alikuwa na jambo moja alilojivunia, nalo ni usawa. Yeye alilelewa na mama wa kambo, akajua maana ya kupewa mkia wa samaki wakati wenzako wanakula mnofu. Kwa hiyo nyumbani kwake samaki aligawanywa vipande sawasawa, na watoto waliruhusiwa kuvichunguza kabla ya kula. Bondeni alifanya vilevile. Kila tuta lilipata kiganja kimoja cha mbolea, si zaidi wala si pungufu.

"Mimi sina tuta la kambo," alisema, na wenzake walicheka.

Lakini matuta hayakuwa na shukrani. Yale ya chini, karibu na mto, mchicha wake ulianza vizuri, kisha ukaungua kingo za majani na kunyauka. Yale ya juu, kwenye mchanga, ulisimama mwembamba na wa njano, hata mbuzi angesita kuula. Mavuno yaliharibika mara ya kwanza, yakaharibika na mara ya pili. Ndipo Mzee Safari, mwenyekiti wa wakulima, alipokuja na kusimama kando ya matuta, mikono nyuma.

"Mama Najma," alisema, "watu wanaoomba ardhi hapa ni wengi. Tulikubaliana wote kwamba asiyevuna anampisha mwingine. Mchicha huu uliopanda sasa ukiharibika, matuta nitayagawa. Sipendi, lakini ndivyo tulivyokubaliana."

Bi Zamda aliitikia kwa kichwa tu. Najma alikuwa hapo na ndoo yake, akasikia kila neno. Bila matuta hakuna mchicha, na bila mchicha hakuna kodi ya chumba wala sare ya shule.

"Kuna mtu anatuharibia," Najma alijiambia. "Na nitamjua."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani yao, Twaha, kijana aliyelima bamia. Asubuhi moja Najma alimwona akipita kwenye njia iliyo kati ya bamia zake na mchicha wao. Mgongoni alibeba bomba la kupulizia dawa, na puani amejifunga kitambaa. Mwendo wake ulikuwa wa ajabu. Anapuliza kidogo, anaacha. Anaruka hatua kadhaa, anainama, anatazama huku na huku, anapuliza tena. Najma alijibanza nyuma ya migomba akimwangalia. Mtu mwenye nia njema hapulizi namna hiyo!

"Unajificha nini, wewe?" Twaha aliuliza bila hata kugeuka.

Najma akatoka, uso umemwiva kwa aibu. "Shikamoo, kaka Twaha. Unapuliza nini kwetu?"

"Marahaba. Kwenu wapi? Napuliza njiani. Hii ni dawa ya magugu, nazifuata ndago."

"Mbona hapa unapuliza na pale unaruka?"

"Pale unaona ndago?" Twaha alicheka chini ya kitambaa. "Dawa inakwenda kwenye ugonjwa. Nikimwaga kila mahali nitamaliza bamia zangu mwenyewe. Halafu hebu sogea, simama upande upepo unakotoka. Dawa hii si ya kuvuta puani, na watoto hawaigusi."

Najma alisogea, lakini jibu hakulitia maanani. Alichotazama ni bamia. Zilikuwa zimesimama imara, karibu kabisa na mchicha wao uliokufa. Kama Twaha angekuwa anamwaga sumu, bamia zake zingekuwa za kwanza kufa. Basi si yeye. Nani, sasa?

Jumamosi iliyofuata mama yake alimtuma mbolea dukani kwa Girish.

Duka la Girish lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Aliuza mbegu, majembe, dawa za mimea na mbolea. Ukutani palikuwa na picha yenye shada la maua, na mbele yake kijiti cha udi kikifuka moshi. Watu walimwita Baba Sejal, kwa jina la binti yake, na Sejal huyo alisoma darasa moja na Najma na kukaa naye dawati moja. Watu wa nyumba hiyo hawali nyama wala samaki, kwa hiyo mchicha wa Bi Zamda ulikuwa mboga yao ya kila wiki. Najma alikuwa na kawaida ya kuingia kwa mlango wa nyuma, anaacha mafungu jikoni kwa Mama Sejal, kisha anakwenda mbele dukani.

Siku hiyo alipoingia kwa nyuma alisimama ghafla. Stoo ilikuwa wazi. Baba Sejal alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia la urea, akipondaponda mabonge meupe kwa kipande cha mti. Kando yake palikuwa na gunia jingine, limeandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu: CHUMVI. Mama Sejal, Bi Jashoda, alikuwa akichota humo kwa bakuli.

Najma aliyasoma maandishi yale mara mbili. Chumvi! Nyeupe kama urea, na bei yake chini mno. Kumbe ndiyo maana mchicha unaungua!

"Karibu, Najma," alisema Bi Jashoda. "Mbona umesimama hapo?"

"Shikamoo," Najma alijibu. Aliweka mafungu chini, akazunguka haraka hadi mbele.

Baba Sejal naye akaja kaunta, akijipangusa mikono. Alipima mbolea chini ya kaunta kama alivyozoea, mahali ambapo mnunuzi haoni. Kisha akauliza, "Matuta ya mama yako yako upande gani hasa? Juu kwenye mchanga, au chini kwenye tope?"

"Kwa nini?" Najma aliuliza.

"Nauliza tu. Mwambie aje mwenyewe siku moja, nataka kuzungumza naye."

Najma alipofikisha maneno hayo nyumbani, Bi Zamda alikunja uso. "Anataka kujua matuta yangu ya nini? Nilishamwambia zamani, wewe pima mbolea, mengine niachie mimi. Siku hizi wenye maduka wanatafuta ardhi. Kesho utasikia anataka kununua bonde zima."

Kuhusu chumvi Najma hakumwambia mama yake. Alitaka ushahidi kwanza. Alifungua pakiti, akachukua punje mbili, akazipeleka mdomoni aonje. Mama yake alimpiga kofi mkononi hata punje zikaruka.

"Una wazimu? Mbolea inaonjwa? Unataka nikakulaze hospitali?"

Basi ushahidi haukupatikana. Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Najma naye hakunyamaza. Kesho yake shimoni, alipokuwa akimsaidia mama yake kufunga mafungu, alimsogelea Hyasinta, muuza nyanya aliyekaa meza ya pili, naye pia akilima bondeni.

"Dada Hyasinta, usimwambie mtu. Baba Sejal anachanganya mbolea na chumvi. Nimeona kwa macho yangu."

"Mimi?" Hyasinta alishika kifua. "Nimwambie nani, mwanangu?"

Alimwambia kila mtu. Kabla soko halijafungwa, habari ilikuwa imepanda ngazi, imetoka nje, na ilipofika kwa wauza vitunguu chumvi ilikuwa imegeuka chokaa na sumu ya panya. Jumatatu asubuhi wanawake wa bondeni waliingia dukani kwa Baba Sejal, wakamwaga pakiti zao juu ya kaunta.

"Mwizi! Turudishie haki yetu!"

"Mama zangu, nisikilizeni," Baba Sejal alisema. "Gunia hili lilikuja limefungwa kwa lakiri ya kiwanda. Mimi nimelifungua tu na kuvunja mabonge, maana mbolea hii ikipata unyevu inagandamana."

Hakuna aliyemsikiliza. Waliondoka wakifyonya, na kuanzia siku ile wanunuzi walipita mbele ya duka bila kuingia. Bi Zamda hakuwamo katika kundi lile, kwa kuwa alikuwa bondeni akimwagilia. Habari zilimfikia kwa wengine. Alishtuka, lakini hakujua zimetoka kwa nani.

Siku hiyohiyo darasani Sejal alihama dawati. Wakati wa mapumziko alimfuata Najma nyuma ya vyoo, macho mekundu.

"Ulikuwa stoo kwetu Jumamosi. Ni wewe uliyesema baba yangu mwizi."

"Nimeona chumvi," Najma alisema, akijitutumua.

"Chumvi ya achari! Mama anatengeneza achari ya maembe, anawauzia majirani mtaa mzima. Hujawahi kuona mitungi yake?"

"Ungesema nini kingine? Si ni baba yako?"

Sejal alijipangusa macho. "Sawa. Tupime. Mama yako ana mbolea ya kwetu?"

"Anayo."

"Lete hiyohiyo, usije ukasema nimeibadilisha. Tutaitia kwenye mchicha. Kama ni chumvi, mchicha wote utakufa."

"Na kweli utakufa," Najma alisema.

Basi wakakubaliana, ingawa hakuna aliyemwamini mwenzake hata chembe. Sejal alikataa makopo yakae kwa Najma, asije akayatia chumvi. Najma alikataa yakae kwa Sejal, asije akabadilisha mbolea. Mwishowe walimwendea Mwalimu Candida, mwalimu wa sayansi, wakamweleza shida yao huku kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi. "Makopo yatakaa dirishani kwangu," alisema. "Lakini mkijaribu, jaribuni sawasawa. Najma, mchicha wenu unaungua matuta yote?"

"Hapana, mwalimu. Wa chini unaungua. Wa juu unakuwa wa njano."

"Basi leta udongo wa chini na udongo wa juu. Kila udongo makopo mawili. Moja litiwe mbolea, moja lisitiwe. Maji yawe sawa."

Walipanda miche midogo, wakaandika makopo kwa mkaa. Mbolea aliitia mwalimu mwenyewe, kiasi kilekile kwa kila kopo lililostahili. Kisha ulinzi ukaanza. Weee, ulinzi gani! Najma aliwahi shuleni kumkagua Sejal, akamkuta Sejal amewahi kumkagua yeye. Mmoja akienda chooni, mwingine alimfuata. Wakati wa mapumziko walikaa pande mbili za dirisha, kimya, kila mmoja na kipande chake cha muhogo, wakitazama majani.

Katikati ya wiki iliyofuata, kopo la udongo wa chini lenye mbolea lilianza kuungua kingo za majani. Najma aliruka juu.

"Si nilisema! Si nilisema!"

"Subiri," alisema Sejal, uso umempauka. Alisogeza kopo la pili, lile la udongo wa juu lenye mbolea ileile. Mche wake ulikuwa umenawiri, wa kijani safi. Kopo la udongo wa juu lisilo na mbolea lilikuwa na mche wa njano, umekonda. Na lile la udongo wa chini lisilotiwa kitu chochote lilikuwa na majani mapana kuliko yote.

Najma aliinama, akatazama kopo moja baada ya jingine. Alitafuta pa kushika, hakupaona. Ingekuwa chumvi, ingeua kote. Lakini hapa imeua na pale imeponya.

"Mbolea ni ileile?" Mwalimu Candida aliuliza nyuma yao.

"Ndiyo, mwalimu."

"Maji ni yaleyale?"

"Ndiyo."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Wasichana walitazamana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vyoo. "Udongo," walisema pamoja.

"Chini pale kabla hamjapewa palikuwa na nini?"

Najma alikumbuka. Kabla ya mama yake kupewa matuta, wauza kuku wa sokoni walikuwa wakimwaga hapo samadi ya mabanda yao. Mto nao ukijaa huacha tope lake papo hapo. Udongo ule ulikuwa umeshiba, tena umeshiba hasa, na mama yake alizidi kuulisha. Wa juu ulikuwa mchanga, mvua inaosha kila kitu, na kiganja kimoja hakikutosha. Maneno ya Twaha yakamrudia, dawa inakwenda kwenye ugonjwa. Kumbe alikuwa akijibiwa, naye hasikii!

Ndipo akakumbuka jambo jingine, akashika kichwa. "Mwalimu! Leo mama anatia mbolea! Alisema akitoka sokoni tu!"

Mwalimu Candida alitazama saa ya ukutani, akatazama nyuso zao. "Kengele ya kutoka imeshalia. Nendeni."

Walikimbia, kila mmoja na makopo mawili kifuani, wakipishana na mikokoteni na wauza mitumba waliowafokea. Walipofika bondeni Bi Zamda alikuwa amemaliza matuta ya juu na ya katikati. Alikuwa ameinama juu ya tuta la kwanza la chini, kiganja kimejaa.

"Mama, usitie!" Najma alipiga kelele. "Usitie hapo!"

Bi Zamda alisimama wima. "Kuna nini? Nyoka?"

Najma alieleza huku akihema. Sejal aliyapanga makopo chini, moja moja. Bi Zamda alisikiliza, lakini kiganja hakukishusha.

"Kwa hiyo yale niyape, haya niyanyime?" alisema polepole. "Najma, unajua mimi nilikuwa nakula nini utotoni. Leo unataka nianze upendeleo?"

"Mama, haya yameshakula. Tazama."

Bi Zamda alitazama mche ulioungua, kisha ule ulionawiri bila kitu. Alipiga magoti, akachimba udongo wa tuta kwa vidole, akaunusa. Ulikuwa mweusi, unanata, na harufu ya banda la kuku bado imo. Halafu akarudisha mbolea kwenye pakiti, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto chakula.

"Nani amewaonyesha haya?" aliuliza.

Sejal alimtazama Najma. Najma akajibu, "Tulikuwa tunapima kama mbolea ya Baba Sejal ina chumvi."

"Haya maneno ya chumvi na wewe umo?"

Najma alitazama chini. Mama yake alimwelewa, wala hakumpiga. Alisema tu, "Tutazungumza. Kwanza mchicha."

Jioni hiyo Bi Zamda alikwenda dukani. Duka lilikuwa tupu, na Baba Sejal alipomwona alikunja mikono kifuani.

"Umekuja kunitukana na wewe, Mama Najma?"

"Nimekuja kujibu swali lako. Matuta yangu mengine yako juu kwenye mchanga, mengine katikati, mengine chini kwenye tope la samadi. Nilidhani unalipeleleza bonde."

Baba Sejal alishusha pumzi. "Nilitaka kukuuzia kidogo zaidi kwa ajili ya juu, na kukwambia chini usitie kabisa. Hukunipa nafasi." Akatoa sahani ya mizani, safari hii akaiweka juu ya kaunta ambapo kila mtu anaona. "Na mimi nina kosa. Kupima chini ya kaunta ni mazoea ya marehemu baba yangu, lakini mtu asiyeona lazima atashuku."

Alimwelekeza vizuri. Matuta ya juu yapate mbolea ya kutosha, lakini kwa awamu, kidogo leo na kidogo baadaye, ili mvua isiibebe yote. Ya katikati yapate nusu ya alichozoea. Ya chini yapate maji tu. Bi Jashoda naye alimwita Najma jikoni, akamfunulia mitungi ya maembe yaliyolowekwa kwenye chumvi na pilipili. Najma alitamani sakafu ipasuke aingie.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Mzee Safari alikuja na wanawake wote wa bondeni nyuma yake. Mchicha wa chini ulikuwa na majani mapana, mtu angefungia maandazi. Wa juu ulikuwa mfupi kidogo, lakini kijani kitupu. Mzee Safari alitembea tuta hadi tuta, akainama, akainuka.

"Haya, Mama Najma," alisema. "Matuta ni yako."

Bi Zamda alijifunika uso kwa kanga. Najma alimkumbatia kiunoni, na machozi yakamtoka hata yeye.

"Umetumia mbolea ya wapi, shoga?" Hyasinta aliuliza. "Maana ile ya Girish tumeikimbia wote."

"Ni ileile ya Girish," alisema Bi Zamda. "Ila kila tuta nimelipa kadiri ya njaa yake."

Wanawake walitazamana. "Sasa nani alisema ina chumvi?" mmoja aliuliza. "Mimi niliambiwa na wauza vitunguu."

"Mimi na wauza dagaa."

"Mimi sikumbuki," Hyasinta alisema, akitazama pembeni.

Hakuna aliyejua tena. Maneno yalikuwa yamepita midomo mingi mno, na Najma aliona kwamba angeweza kunyamaza, yakaisha hivyohivyo. Sejal alikuwa amesimama kando ya Twaha, macho kwa Najma.

"Mimi," Najma alisema. "Mimi ndiye niliyeanza. Niliona gunia la chumvi, sikuuliza la nini. Ni chumvi ya achari."

Bi Zamda alimshika bega.

"Sikilizeni, maana hata mimi nimejifunza," alisema. "Mimi nilipima mbolea bila kuutazama udongo, nikaua mchicha wangu kwa mkono wangu nikidhani natenda haki. Binti yangu alimpima mtu bila kumwuliza, nusura aue duka la watu. Usawa bila kuchunguza ni dhuluma, na shaka bila kuchunguza ni dhuluma. Ukishuku, uliza. Ukiuliza, pima. Ukikosea, sema." Akamgeukia Najma. "Na hapa umesema kwetu sisi. Aliyekosewa hajasikia."

Walikwenda wote, msafara mzima, mpaka mtaa wa nyuma ya soko. Baba Sejal aliwaona wakija, akashika ukingo wa kaunta, akidhani ni vita tena. Najma alisogea mbele. Sauti ilimtoka ndogo, karibu ya kunong'ona.

"Baba Sejal, nisamehe. Nilisema unachanganya mbolea na chumvi. Si kweli."

Baba Sejal aliachia ukingo wa kaunta. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini uongo ule ulisikika mpaka Feri, kwenye soko la samaki. Wakaanga samaki, ambao hawajapanda hata kitunguu, walikuwa wananicheka nikipita. Sasa mbona ukweli unaishia kwenye kaunta yangu?"

Najma aligeuka, akawatazama wanawake, wapita njia na wauza maji waliosimama mlangoni. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akayasema yote upya, kwa sauti iliyovuka barabara.